Kuulinda mlima dhidi ya migodi na viwanja: mwongozo kwa vijiji na mitaa ya Tao la Mashariki

Mara nyingi kijiji hupata habari za mgodi siku kijiko, ile mashine ya kuchimbia, kinaposhushwa kwenye lori. Watu hupiga kelele, diwani hupigiwa simu, vijana hulizunguka lori na kurekodi video, na baada ya wiki mbili kazi inaendelea kama kawaida. Aliyeleta kijiko ana karatasi, kijiji hakina. Mwongozo huu unahusu hizo karatasi: ni zipi, zinaandikwaje, na ziwe tayari lini. Hilo la lini nalijibu sasa hivi: kabla ya kijiko.

Mifano mingi naitoa Uluguru, lakini maneno haya ni ya Tao la Mashariki lote, kuanzia Taita kule Kenya, kupitia Pare, Usambara, Nguu, Nguru, Ukaguru, Uluguru, Rubeho na Udzungwa hadi Mahenge. Ni milima mikongwe. Kilimanjaro tunayojivunia haijafikisha hata miaka milioni 3, ilhali miamba ya Tao ilipikwa chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na milima yenyewe ilianza kuinuka yapata miaka milioni 30 iliyopita. Uzee huo ndio uliowapa Waluguru ndege ambaye hapatikani popote pengine duniani, na Usambara ua dogo la zambarau linalouzwa sasa kwenye vyungu Ulaya nzima. Uzee huohuo ndio unaowaita wachimbaji: rubi Matombo, spineli Mahenge (mwaka 2007 vilitoka vipande vikubwa ajabu pale Ipanko), dhahabu Usambara Mashariki.

Ushauri mmoja kabla ya hatua zenyewe. Mkienda ofisini, anzeni na maji. Vyura na vinyonga nawapenda, na chura wa Kihansi aliyetoweka porini baada ya maporomoko yake kunyimwa maji ni habari inayouma, ila ofisa anayesaini vibali husikia upesi zaidi akiambiwa kuwa Ruvu inayonywesha Dar es Salaam inatoka Uluguru, kwamba Zigi inayonywesha Tanga inatoka Usambara, na kwamba mitambo ya umeme ya Kidatu na Kihansi imekaa kwenye mteremko wa Udzungwa.

Hatua ya 1: Jueni kila kipande cha mlima ni cha nani

Mlima unaouona kama kitu kimoja, kisheria ni vipande vingi. Juu kabisa huwa kuna hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS: Amani ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza nchini, na Uluguru mwaka 2008. Chini yake kunaweza kuwa na msitu wa hifadhi wa halmashauri, kisha msitu wa kijiji, kisha mashamba ya koo. Karibu na Morogoro mjini hakuna tena ardhi ya kijiji. Ni mitaa ya manispaa, na sheria inayotumika ni ya mipangomiji.

Andikeni orodha: kipande, jina linalotumiwa na wenyeji, anayekisimamia, hati iliyopo. Mahali pasipo na hati wekeni alama, maana ndipo kijiko kitakapoingilia.

Halafu kuna jambo linalowachanganya watu wengi. Madini yote ni mali ya Jamhuri, hata yakiwa chini ya jiko la bibi yako. Kijiji hakiwezi kusema "haya ni madini yetu". Kinachoshikwa na kijiji ni uso wa ardhi, na uso una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Kifungu cha 95 cha Sheria ya Madini ya 2010 kinamzuia mwenye leseni kufanya kazi ndani ya msitu wa hifadhi bila idhini ya maandishi ya mamlaka inayousimamia, na karibu na nyumba au shamba lililolimwa bila idhini ya maandishi ya anayelikalia. Kuna tundu hapo: idhini ikinyimwa bila sababu ya maana, serikali inaweza kuipita. Kwa hiyo msikatae kwa kugoma tu. Kataeni kwa sababu, na sababu ziandikwe.

Hatua ya 2: Tembeeni mpaka, mkiwa na simu

Chukueni wazee wawili watatu wanaoijua mipaka, mtendaji, vijana wenye simu nzuri, na wajumbe wa kijiji jirani. Jirani asikosekane. Mpaka mliotembea peke yenu ni madai yenu. Mliotembea na jirani akatia saini ni mpaka. Pigeni picha kila kona na kila chemchemi, mkiwa mmewasha huduma ya mahali (location) kwenye simu, na mwandike nukta za GPS kwenye daftari. Simu huanguka mtoni.

Hapa kuna mtego ambao umewaaibisha watu mbele ya wataalamu. Simu hupima kwa mfumo wa WGS84, na ramani nyingi za zamani za Tanzania, pamoja na leseni nyingi za madini, zimepimwa kwa mfumo wa Arc 1960. Nukta ileile ikisomwa kwa mfumo usio wake inaweza kuhama karibu mita 300. Kwenye mteremko wa Uluguru mita 300 ni tofauti ya ndani ya msitu na nje ya msitu. Kwa hiyo kila mkiandika nukta, andikeni na mfumo wake pembeni, na mkiletewa nukta na mwekezaji swali la kwanza liwe hilohilo: hizi zimepimwa kwa mfumo gani?

Hatua ya 3: Pitisheni mpango wa matumizi bora ya ardhi, kisha sheria ndogo

Hii ndiyo hatua ninayoiamini kuliko zote, nayo ndiyo inayochosha kuliko zote. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kuandaa mpango, na mkutano mkuu wa kijiji kuupitisha. Mpango unataja kitongoji kwa kitongoji: hapa ni makazi, hapa ni mashamba, hapa malisho, hapa msitu wa hifadhi wa kijiji, hapa chanzo cha maji. Gharama yake ni kubwa kwa kijiji cha kawaida, kwa hiyo tafuteni mkono wa halmashauri ya wilaya au wa mashirika yanayofanya kazi hii kwenye milima yetu. Shirika la TFCG, mtandao wa MJUMITA na Mfuko wa Hifadhi ya Milima ya Tao la Mashariki wenye makao Morogoro ni pa kuanzia.

Mkikaa kuupanga, msifanye yale ya kupaka kijani kila kitu kilicho juu ya kijiji. Watu watalima tu. Na hapa Uluguru tuna historia ya kutukumbusha. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, kwa amri na faini, kwa kisingizio hikihiki cha kuokoa mlima. Mwaka 1955 ghasia zikazuka, mtu akapigwa risasi na kufa Matombo, na mpango ukafa. Mlima haukufaidika na hata tuta moja. Tengeni eneo ambalo watu watapata moramu na mchanga wa kujengea, mbali na mto, pasipo mteremko mkali. Kijiji kisichotenga mahali pa kuchimba mchanga kitachimbiwa mtoni.

Jambo jingine la huku kwetu: ardhi nyingi ya Uluguru ni ya ukoo na hurithiwa kwa upande wa mama. Mpango uliopitishwa na wanaume tu chini ya mwembe, huku wenye mashamba wako jikoni, utapingwa msimu ukianza. Wanawake wawepo mkutanoni, na idadi yao iandikwe. Machifu na wazee wa matambiko nao washirikishwe mapema. Misitu midogo ya mizimu ambayo ukoo umeikataza kwa karne nyingi, kama ile ya kule Upare wanayoiita mpungi, ndiyo rahisi kuliko yote kuiingiza kwenye mpango, kwa sababu katazo lipo tayari na linaheshimiwa.

Mpango ukipita, andikeni sheria ndogo zinazoupa meno: faini, nani anakamata, fedha ya faini inaingia wapi. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu unajadili, kisha rasimu inakwenda kuidhinishwa na baraza la madiwani. Hapa kwenye madiwani ndipo rasimu nyingi hulala. Mtu mmoja apewe kazi ya kuifuatilia, kwa jina lake, na atoe taarifa kila mkutano. Bila muhuri wa halmashauri ya wilaya, faini mnazotoza ni ugomvi tu.

Na muhtasari. Nimeona vijiji vikishindwa kesi iliyokuwa mikononi kwa sababu kitabu cha mihtasari kilisema "Mkutano ulijadili suala la mgodi na kukubaliana." Kukubaliana nini? Andikeni hivi:

*"Ajenda Na. 4: Maombi ya kuchimba kokoto, kitongoji cha ______. Waliohudhuria: wanawake ___, wanaume ___ (orodha ya saini imeambatishwa). Mtendaji alisoma barua ya mwombaji ya tarehe ______ neno kwa neno. Mkutano ulikataa maombi kwa sababu zifuatazo: (a) eneo limetengwa kuwa chanzo cha maji katika mpango wa matumizi bora ya ardhi uliopitishwa tarehe ______, (b) eneo liko chini ya mita 60 kutoka kingo za mto ______, (c) mteremko uko juu ya nyumba za kitongoji cha ______. Waliounga mkono uamuzi: ___. Waliopinga: ___. Mkutano ulifungwa saa ______."*

Muhtasari usomwe na kuthibitishwa, upigwe muhuri, na nakala ibaki kwa watu wasiopungua watatu. Vitabu vya mihtasari vina tabia ya kupotea wakati vinapohitajika.

Hizo mita 60 si za kubuni. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kinazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, ziwa, bwawa au mwambao wa bahari pale shughuli hizo zinapoweza kuharibu mazingira. Sheria za ardhi za 1999 nazo zinaitambua ardhi ya kingo za mito na ya miteremko mikali kuwa ardhi hatarishi. Leteni futikamba, pimeni mbele ya watu, na mpige picha.

Hatua ya 4: Anzeni kumbukumbu za maji leo

Mgodi ukishafunguliwa na mto ukawa rangi ya chai ya maziwa, mwenye mgodi atasema mto ulikuwa hivyo siku zote. Mtamjibu nini?

Chukueni chupa ya maji ya lita moja na nusu, iwe wazi isiyo na rangi. Chagueni sehemu mbili mtoni, moja juu na moja chini ya eneo mnalolihofia. Kila baada ya mvua kubwa, na mara moja katikati ya kiangazi, choteni maji sehemu zilezile, funikeni, acheni chupa itulie mahali pamoja hadi kesho yake. Tope litakuwa limekaa chini. Pimeni unene wake kwa rula ya shule, pigeni picha chupa ikiwa na rula na karatasi ya tarehe, andikeni daftarini. Watoto wa darasa la sita wanaiweza kazi hii, na mwalimu wa sayansi huipenda. Si kipimo cha maabara, lakini daftari la misimu miwili lenye picha lina uzito kuliko hotuba ya mwenyekiti.

Zebaki haionekani kwa chupa. Mkiona wanaosafisha dhahabu kando ya maji, sampuli ikapimwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali au kwenye maabara za chuo kama SUA. Taarifa iende pia kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, ambayo ofisi yake iko Morogoro, au bodi ya bonde lenu. Watu wa mabonde husahaulika, na wana mamlaka yao juu ya vyanzo vya maji.

Hatua ya 5: Mgeni mwenye leseni anapobisha hodi

Mkaribisheni, mpeni kiti, na msimpe saini. Mambo mengi huharibika siku ya kwanza, pale mwenyekiti anapogonga muhuri kwenye barua ya "utambulisho" ambayo baadaye inaonyeshwa mahali pengine kama idhini ya kijiji. Kama lazima kugonga muhuri kuthibitisha kwamba mgeni amefika, basi mwandike kwa kalamu juu ya muhuri: "Imepokelewa tu, si idhini."

Mwombeni nakala ya leseni na muisome aina yake. Leseni ya utafutaji inamruhusu kutafuta, si kuchimba na kuuza. Leseni ya uchimbaji mdogo, ile inayoitwa PML, ni ya Mtanzania, hudumu miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Kokoto, mchanga na moramu navyo ni madini kisheria. Mwenye tipa anayesema "haya ni mawe tu, hayana leseni" anawadanganya. Angalieni jina, namba, tarehe ya kuisha, na nukta za eneo. Tume ya Madini ina ramani ya leseni kwenye mtandao inayofunguka hata kwa simu. Tafuteni namba hiyo na mlinganishe na nukta zenu za hatua ya 2. Msisubiri mgeni: fungueni ramani hiyo kila robo mwaka, kabla ya mkutano mkuu, muone kama kuna mraba mpya umekaa juu ya mlima wenu.

Mkikuta leseni ni halali? Bado hajamaliza. Halmashauri ya kijiji haiwezi kumgawia ardhi bila mkutano mkuu kuridhia. Mwenye shamba lazima wakubaliane fidia kwa maandishi. Na mpango wake wa kulinda mazingira uko wapi? Mwambieni aulete usomwe.

Si kila mchimbaji ni adui, na nisingependa mwongozo huu usomwe hivyo. Kijana wa Matombo mwenye PML yake, anayechimba kwenye eneo lililotengwa, anayefukia mashimo, ana haki kama mkulima wa karafuu. Tena ndiye atakayekuwa wa kwanza kuwaambia wageni wa ovyo wameingia wapi.

Hatua ya 6: Tathmini ya athari kwa mazingira

Miradi mikubwa haianzi bila cheti cha mazingira, na kabla ya cheti lazima wananchi waulizwe. Watakuja washauri na hojaji, pengine na soda. Hapo msiseme "tunaogopa mazingira yataharibika". Semeni chemchemi iitwayo fulani, nukta hizi, kaya zinazochota, tope la chupa la msimu uliopita, sheria ndogo namba fulani. Mtoe kwa maandishi, mgongewe nakala. Karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa cha habari kabla hamjasaini; orodha ya saini isiyo na kichwa inaweza kubandikwa kwenye ripoti inayosema mliafiki.

Baadaye iandikieni NEMC, baraza la taifa la mazingira, moja kwa moja mkiomba kuona ripoti na kuomba mkutano wa kusikiliza wananchi. Kwa msitu wa hifadhi, Sheria ya Misitu ya 2002 yenyewe inataka tathmini kabla ya uchimbaji au ujenzi wa barabara ndani yake, kwa hiyo barua iende na TFS.

Wasomaji wa Wundanyi na Taita nzima: mwendo ni huuhuu, ofisi ndizo tofauti. Kwenu ni NEMA, Sheria ya Madini ya 2016, na mna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Katiba yenu ya 2010, ibara ya 42 na ya 70, inawapa njia fupi ya kufika huko kuliko yetu.

Hatua ya 7: Mji unapopanda mlima

Viwanja huula mlima polepole kuliko migodi, ila havirudi nyuma. Shimo la rubi linaweza kufukiwa na miti ikaota. Nyumba ya tofali yenye hati haitoki.

Ukitaka kujua Morogoro itapanda wapi mwakani, tazama nguzo za umeme. Kwanza inapita bodaboda, halafu dalali anakata viwanja kwa hatua za mguu, halafu vibanda viwili vya mabati, halafu mtu anaomba Luku. Luku ikifika, mteremko umekwisha. Pa kuzuia ni kwa dalali, si kwa mwenye nyumba aliyekwisha kuuza ng'ombe wa babake kununua saruji. Mtaa utangaze, kwa vibao na kwenye misikiti na makanisa, ni maeneo gani hayauziki, na mwenyekiti akatae kushuhudia mauziano huko. Hati ya mauziano isiyo na shahidi wa serikali ya mtaa humtia mnunuzi wasiwasi, na wasiwasi wake ndio ulinzi wenu.

Mteremko unapimika bila mtaalamu. Vuteni kamba ya mita 10 kutoka juu kwenda chini, iwe sawasawa kwa kipimamaji cha fundi, kisha pimeni kutoka ncha ya chini ya kamba hadi ardhini. Ikiwa ni mita 3, mteremko ni asilimia 30. Nyumba za mwinuko huo zinahitaji kukata ukuta wa udongo nyuma yake, na ukuta huo ndio unaoanguka mvua za masika. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 20 kijijini Goha, Same, milima ya Pare Kusini.

Urasimishaji wa makazi unapokuja mtaani, hudhurieni siku ya kwanza. Ni zoezi jema, lakini mpimaji analipwa kwa viwanja. Mwambieni mapema ni korongo lipi na ni mteremko upi ubaki wazi kwenye mchoro wa mipangomiji, na msisaini mchoro bila kuona yameandikwa. Anayejenga bila kibali aripotiwe halmashauri msingi ukiwa haujatoka ardhini. Ile X nyekundu ikipigwa kwenye nyumba iliyoezekwa, mtaa mzima utageuka kumtetea, na nisingewalaumu.

Kwa wenye mashamba ya juu, kuwe na sababu ya kutouza. Pale Kibungo Juu, Uluguru, mradi wa mashirika ya CARE na WWF uliwalipa wakulima kwa matuta, miti na kuziacha kingo za mito. Walionunua huduma hiyo walikuwa DAWASCO, iliyokuwa kampuni ya maji ya Dar es Salaam, na Coca-Cola Kwanza, waliotegemea maji ya Ruvu. Fedha haikuwa nyingi, lakini ilithibitisha kwamba anayekunywa maji bondeni anaweza kumlipa anayeyatunza mlimani. Kila mkikutana na mamlaka ya maji ya mji wenu, wakumbusheni.

Hatua ya 8: Dhahabu ikizuka usiku

Rashi, yaani watu kumiminika palipovuma dhahabu, haisubiri leseni. Mwishoni mwa 2003 dhahabu ilisikika Sakale, jirani na hifadhi ya Amani, na ndani ya muda mfupi maelfu ya watu walikuwa wamefurika Usambara Mashariki wakichimba hadi kwenye vijito vinavyolisha Zigi. Ilibidi dola iingilie, na mashimo yakabaki.

Dalili za kwanza hazitoki porini, zinatoka sokoni: sururu na mabeleshi yanaisha dukani, mama lishe wageni wanauliza njia ya mlimani, maturubai yanapanda bei, bodaboda wanakwenda mahali pasipo nyumba. Siku hiyohiyo mpigieni TFS, mtendaji wa kata na polisi wa wilaya, na barua ifuate kesho yake. Watu hamsini wanaondolewa kwa mazungumzo. Wakiwa elfu tano wana wanunuzi, wana karasha za kusagia mawe, na wana wakubwa wanaowalinda.

Msiende wenyewe usiku na mapanga. Walinzi wa msitu wa kijiji waende mchana, pamoja na askari wa TFS, na wasichome mali ya mtu. Ongeeni kwanza na vijana wenu, maana wapo humo. Watu wakishaondoka, mashimo yafukiwe kabla ya mvua, la sivyo kifusi chote kitashuka mtoni kwa pamoja.

Hatua ya 9: Malalamiko, na mahakama

Barua ipande ngazi kwa ngazi: mtendaji wa kijiji au mtaa, kata, mkurugenzi wa halmashauri na nakala kwa mkuu wa wilaya, Ofisa Madini Mkazi, NEMC, bodi ya bonde. Kila ofisi igonge "imepokelewa" kwenye nakala yenu. Ofisi isipojibu, tumieni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016: ombeni kwa maandishi nakala ya leseni, cheti cha mazingira au ripoti ya ukaguzi. Ofisi ina siku 30 kuwajibu, na ikikataa lazima iseme kwa nini.

Ikifika mahakamani hamtakuwa wa kwanza. Mwaka 1991 wakazi wa Kunduchi Mtongani, wakiongozwa na Festo Balegele, waliishitaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kumwaga taka mtaani kwao, na Mahakama Kuu ikakubali kwamba kuwahatarishia afya ni kuvunja haki yao ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba. Leo kuna zaidi ya Katiba: kifungu cha 4 cha Sheria ya Mazingira kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na cha 5 kinampa haki ya kwenda kuidai hata kama shamba si lake. LEAT, ambao ni wanasheria wa mazingira, HakiArdhi, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni wa kufuatwa mapema, mkiwa na jalada: ramani, mpango, sheria ndogo zenye muhuri, mihtasari, daftari la chupa, na nakala za barua zilizogongwa. Wakili mwenye jalada kama hilo anajua siku ileile kama kuna kesi.

Na siku ya kufungua kesi, ombeni pamoja nayo zuio la muda. Bila zuio, kijiko kitaendelea kuchimba wakati ninyi mnasubiri tarehe ya kutajwa.